Dembo si parseli



Juma lililopita tuliahidi kuendelea na habari ya daftari la matumizi ya nyumba. Mtusamehe, itangoja. Jumatatu asubuhi wamama wanaolima nyuma ya kartie yetu walifika kwenye matuta yao wakakuta vigingi vimepigwa katikati ya lengalenga, vimeunganishwa kwa kamba, kila kigingi na namba yake ya rangi nyekundu. Hakuna aliyeitwa, hakuna aliyeulizwa. Kijana mmoja aliyekuwa pale na mita mkononi alijibu kwa adabu kwamba yeye ametumwa kupima tu, na kwamba parseli nyingine zimekwisha kupata wenyewe. Kisha akaongeza: "Bei ni nzuri, mama. Ni juu ya maji kidogo tu ya wakati wa mvua."

Maji kidogo tu. Hayo ndiyo tunataka kuyazungumza leo.

Kwanza tuungame. Sisi tunaoandika ukurasa huu tuliwahi kununua hayo maji kidogo. Miaka michache iliyopita zamu yetu ya likelemba ilifika, tukaongeza na mshahara wa miezi kadhaa tuliokuwa tumeuweka pembeni, tukatoa avansi ya parseli katika dembo jingine, upande wa komini Annexe. Ilikuwa mwezi wa nane. Ardhi ilikuwa ngumu, imepasuka, majani yamechomwa, watoto wanacheza mpira juu yake. Tulitembea mle na viatu vya kazini, havikuchafuka. Muuzaji alituonyesha karatasi yenye muhuri. Tuliona muhuri tukatosheka. Mwezi wa kwanza tulirudi na fundi ili aanze msingi. Tulisimama mbali kwa sababu hatukuweza kufika. Kigingi chetu kilikuwa kimezama, kimebaki kichwa, na chura amekaa juu yake. Baba watoto alicheka siku ile. Baadaye hakucheka tena. Avansi haijarudi mpaka leo.

Na sisi ni walimu! Tulisoma jiografia, tukachora mito ya Katanga ubaoni mara nyingi kuliko tunavyokumbuka, halafu kiangazi kimoja kikatudanganya. Tunasema haya ili mama mwingine ambaye yamempata asione haya kuyasema mbele ya wenzake.

Dembo ni nini basi? Ni lile bonde pana, lisilo na miti mikubwa, linalokaa kwenye kichwa cha mto au pembeni mwake. Vitabu vya Kiswahili vinasema ardhi oevu, wazee wengine wanasema bwawa; hapa kwetu kila mtu anajua dembo. Juu kuna majani na udongo mweusi wenye mizizi mingi. Chini yake mara nyingi kuna udongo wa mfinyanzi ambao haupitishi maji upesi. Mvua ikinyesha, maji ya vilima vyote vya jirani yanateremka mle, yanakaa, yanaingia polepole, na baadaye yanatoka polepole. Fikirini blanketi zito mlilolifua na kulitundika kambani bila kulikamua. Linadondosha matone mpaka jioni. Dembo linadondosha matone yake tangu mwezi wa nne mpaka mvua irudi.

Lubumbashi inapata mvua ya karibu milimita 1,200 kwa mwaka, na karibu yote inaanguka kati ya mwezi wa kumi na moja na mwezi wa tatu. Chukueni hesabu tunayowapa wanafunzi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni litri moja. Parseli ya mita 20 kwa mita 25 ni mita za mraba 500. Basi parseli moja inapokea litri 600,000 kwa mwaka, ni kusema bidon 30,000 za litri 20. Parseli moja tu! Mkiiezeka kwa bati na kuimwagia sementi uani, bidon hizo haziingii tena ardhini. Zinakwenda kwa jirani wa chini. Na jirani wa chini wa sisi wote ni dembo. Sasa tukijenga na mle ndani ya dembo, maji yatakwenda wapi? Yatakwenda palepale yalipokuwa yakienda, ila sasa yatakuta kitanda, gunia la unga na mtoto aliyelala.

Mwaka jana tulifanya jambo dogo na darasa la tano. Tulichukua mabeseni mawili ya zamani, tukatoboa tundu pembeni mwa kila moja. Katika moja tuliweka udongo mtupu uliopigwapigwa kama njia. Katika la pili tuliweka kipande cha dembo chenyewe, na majani yake na mizizi yake. Watoto wakamwaga maji sawasawa kwa makopo. Beseni la kwanza lilitoa maji mekundu papo hapo, yakaisha. La pili lilinyamaza. Mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, hili limekufa." Tukaendelea na somo la sarufi. Somo lilipokaribia kwisha, yule mtoto alisimama bila ruhusa: beseni la pili lilikuwa linadondosha, na maji yake yalikuwa karibu meupe. Tulipokwenda nyumbani mchana lilikuwa bado. Wamama mnaweza kulifanya uani pamoja na watoto wenu, halina gharama.

Faida ya dembo mnaijua kwa mikono yenu kuliko sisi. Mwezi wa saba, wakati mashamba ya juu yamekauka na baridi ya asubuhi inakata vidole, shu ya China, lengalenga, matembele na vitunguu vya soko vinatoka wapi? Vinatoka kwenye mademebo ya pembeni mwa mji, kwa wamama wanaoamka saa kumi na moja kumwagilia. Ada za shule za muhula wa kwanza, tunaozipokea mezani tunajua, nyingi zinakuja zimekunjwa ndani ya kitenge na zina harufu ya vitunguu. Tena visima. Kisima cha uani kinakunywa maji yaleyale ya chini ambayo dembo linayashika. Dembo likikaushwa kwa mitaro mirefu, kamba ya kisima inaongezwa, mita moja, mita mbili, halafu watoto wanaanza kuzunguka na bidon kutafuta pompu.

Wala si habari ya kartie yetu peke yake. Samaki wakavu mnaowanunua sokoni, waliotoka Bukama kwa treni na kwa malori, wengi ni watoto wa mabwawa ya Upemba, kule Lualaba inakopanuka na kuwa maziwa na matete. Katika ziwa Kisale kuna wavuvi wanaokaa juu ya visiwa vya mafunjo vinavyoelea. Na pale Sanga, kando ya ziwa hilo, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta makaburi ya watu waliokaa pale zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wamezikwa pamoja na vyungu vyao vizuri mno. Watu wale hawakuyakausha maji ili waishi. Waliishi kwa sababu maji yalikuwapo. Samaki anapotaga anatafuta majani yaliyofunikwa na maji, mahali pa kina kifupi ambapo vifaranga wanajificha. Ukimaliza majani hayo, wavu unarudi mtupu hata kama ziwa bado lipo.

Serikali yetu nayo imetia sahihi. Kuna mkataba wa mataifa juu ya ardhi hizi, uliofanyika mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, nchini Iran, na Kongo iliingia mwaka 1996. Mwaka 2017 bonde la Lufira, hapa hapa Katanga, liliandikwa katika orodha ya mkataba huo: zaidi ya hekta 4,400,000, pamoja na ziwa Tshangalele linalotokana na bwawa la umeme la Mwadingusha. Mwaka huohuo wataalamu walitangaza kwamba katikati ya bonde la mto Kongo, kwenye misitu inayosimama majini, kuna udongo wa mboji wenye kaboni ya tani bilioni 30 hivi, na sehemu kubwa yake iko katika nchi yetu. Mboji hiyo ikikaushwa inaoza, au inaungua, na kaboni inapanda hewani. Tunayataja haya ili mtu asituambie kwamba dembo ni mambo ya wamama wa mboga tu. Lakini tusiende mbali, vigingi viko nyuma ya nyumba.

"Na mbu je?" Swali hili lilitoka haraka tulipozungumza Jumatatu, na ni swali la mama. Hakuna kati yetu asiyekesha na mtoto mwenye malaria. Ila tuangalie vizuri mbu anazaliwa wapi. Yule anayeleta malaria, hasa wa jamii ya gambiae, anapenda maji madogo yaliyosimama wazi kwenye jua: nyayo za ng'ombe, njia ya magurudumu, shimo la briki lililoachwa. Maji yaliyofunikwa na mafunjo, yenye kivuli, samaki na vyura, hayamfurahishi sana. Huko Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako watu walikata mafunjo mabondeni wakalima, watafiti walipima joto la vijiji vya kandokando. Penye mabwawa yaliyolimwa, joto la usiku lilikuwa juu kuliko penye mafunjo yaliyoachwa, na hatari ya malaria iliongezeka. Basi anayetuambia kwamba kujenga mle kutafukuza mbu, tumwonyeshe mashimo ya briki. Hatusemi dembo halina mbu hata mmoja. Chandarua kibaki palepale kitandani.

Kuna neno jingine ambalo ni zito zaidi, na tulisite kuliandika kwa sababu linagusa sahani zetu. Sisi ni watu wa mji wa madini. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini hapa Katanga. Kobalti ilikuwa nyingi mno, hasa kwa watoto. Na udongo wa bustani kadhaa za mji huu umekutwa na shaba, kobalti, risasi na kadmiamu. Dembo linachuja: mizizi inapunguza mwendo wa maji, tope linatua, na madini yanatua pamoja na tope. Hiyo ni kazi njema kwa mto wa chini. Lakini mchujo wa chai unabaki na majani yake, si ndiyo? Uchafu haujatoweka, umekaa mle. Kwa hiyo mama anayechota tope jeusi la mtaro unaotoka upande wa viwanda, akaliweka kwenye tuta kama mbolea, anawarudishia watoto kile ambacho dembo lilikuwa limekizuia. Mboga za majani zinavuta madini hayo kuliko mboga za matunda kama tomati na bamia. Mahali panapotiliwa shaka, tupande hizi za pili, tuoshe majani kwa maji safi mara mbili tatu kutoa vumbi, na tusimwagilie kwa maji yenye rangi au harufu ya ajabu. Jambo hili linataka vipimo, na vipimo si kazi ya mikono yetu. Ni la kuombwa kwa maandishi.

Sasa tufanye nini na dembo letu? Tusidanganyane kwamba kuliacha kama lilivyo kunatosha, maana sisi wenyewe tumeliharibu. Mwaka baada ya mwaka matuta yameingia ndani zaidi kufuata unyevu, mpaka mengine yamefika kwenye jicho la maji. Mitaro tumeichimba mirefu, imenyooka kufuata mteremko, na inakimbiza maji kana kwamba tumekodiwa na kijana mwenye mita. Mwezi wa nane kila mtu anachoma majani, moto unaingia mpaka kwenye mizizi. Choo kimoja, hatutasema cha nani, kiko hatua kumi na mbili kutoka kisima cha kunywa, wakati wataalamu wa usafi wanataka angalau mita 30.

Maoni yetu ni haya. Jicho la maji na matete yanayolizunguka yaachwe kabisa, asilime mtu, hata mwenye cheo katika chama. Matuta yabaki pembeni, yainuliwe, na yaanze baada ya mvua kubwa kuisha. Mitaro iwe mifupi, ikate mteremko badala ya kuufuata, na iwe na mahali pa kuziba kwa udongo mwezi wa nne maji yanapoanza kupungua. Matete yakatwe kwa zamu kwa ajili ya mikeka na uzio, yasing'olewe. Mashimo ya briki yafukiwe na waliochimba. Na moto, hapana. Wale watakaopoteza matuta ya katikati, ni wanane kwa hesabu yetu, lazima wapewe nafasi pembeni kabla ya kuambiwa waondoke. Tusipoanza na hao, maneno mengine yote ni bure.

Juu ya karatasi, tuseme kile tulichojifunza kwa hasara. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya parseli inathibitishwa na cheti cha uandikishaji, kile ambacho watu wanakiita sertifika. Muhuri wa mtu mwingine yeyote si sertifika. Kabla ya kutoa hata franka moja, nendeni kwenye ofisi ya ardhi na namba ya parseli, mwulize imeandikwa kwa jina la nani. Nendeni pia pale mahali mwezi wa pili, si mwezi wa nane. Na mkinunua mahali pazuri, jina la mama liandikwe.

Lakini tuwe wa kweli. Jumatatu ileile mama mmoja, mjane, mwenye watoto watano, alitusikiliza mpaka mwisho akasema: "Ninyi mnazungumza juu ya vyura. Mimi nalipa nyumba kila mwezi, na mwenye nyumba amepandisha tena." Yeye anataka parseli ya dembo kwa sababu ndiyo peke yake anayoweza kulipa. Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatunalo kamili. Tunajua tu kwamba vigingi hivyo vinauzwa kwa watu kama yeye, kwamba nyumba itakayozama mwezi wa kwanza itakuwa ya mama kama yeye, na kwamba yule aliyemwuzia atakuwa amekwisha kuhama. Chama kina sanduku la mikopo. Je, linaweza kumsaidia mtu kupata robo ya parseli mahali pakavu, hata mbali kidogo? Mweka hazina aje na daftari lake. Tunataka swali hili lijibiwe kwa hesabu, si kwa huruma.

Tutakutana Jumamosi saa tatu asubuhi, si kwenye ukumbi, bali pale dembo, kwenye kichuguu kikubwa. Shefu wa kartie ameandikiwa barua na amekubali kuja. Barua ya pili, ya kwenda komini, itasomwa pale mbele ya wote na kutiwa sahihi. Asiyejua kuandika atatia kidole. Kila mwenye tuta asimame kwenye tuta lake ili tuhesabu. Vigingi msiving'oe, hata kama mikono inawasha, maana tukiving'oa sisi ndio tutakaoitwa polisi, na kijana ataleta vingine.

Mwenye bidon ya litri 20 isiyovuja aje nayo. Mwaka jana, mwezi wa nane, chemchemi ya jicho la maji iliijaza bidon kwa dakika mbili. Tunataka kupima tena, na shefu mwenyewe ndiye atakayeshika saa.